Mhariri hanunui mada: uzi wa wanaoandikia majarida ya mazingira bila kuajiriwa

Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Maswali kuhusu kuandikia majarida ya mazingira kwa kujitegemea yamenijaa faraghani, na nimechoka kumjibu kila mtu jambo lile lile. Nayamwaga hapa. Atakayeona nimekosea anikosoe, ndiyo kazi ya jukwaa.

Miaka tisa niko kwenye shughuli hii. Sijatajirika, wala sijafukuzwa na mwenye nyumba. Kabla sijachapishwa hata mara moja nilikataliwa mara kumi na nne. Nilihesabu, maana kila jibu nililibandika ukutani juu ya meza kama mtu anayekusanya stempu. Mapendekezo yote yalikuwa na ugonjwa mmoja, na sikuuona mpaka huyo mhariri wa kumi na nne aliponiandikia maneno sita: "Hii ni mada. Makala iko wapi?"

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamwelewa.

"Umuhimu wa mikoko" ni mada. Yeyote anaweza kuiandika bila kutoka kitandani, leo au mwakani, na mhariri anazo za namna hiyo tele kwenye barua pepe yake. Sasa chukua mikoko hiyo hiyo, uulize: kwa nini miche mingi inayopandwa kwa mbwembwe mbele ya kamera hufa kabla haijafika usawa wa goti? Hapo kuna makala. Wapandaji wengi huichomeka kwenye tope la chini lililo wazi, kwa sababu huko ndiko kwenye nafasi na hakuna ugomvi wa ardhi. Maji yakijaa, pale hukaa muda mrefu kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Mikoko inataka juu kidogo, mahali ambapo maji yakipwa mizizi inapata hewa. Na kuna sehemu hazikuhitaji mche hata mmoja: fungua mkondo uliozibwa, maji yapite kama zamani, mbegu zitaletwa na bahari yenyewe. Mmeona? Kuna watu walioamua jambo, kuna fedha iliyozama topeni, na kuna kitu msomaji alikiamini asubuhi ambacho jioni hakiamini tena.

Kwa hiyo kabla hujamwandikia mhariri, angalia sentensi yako kuu. Ina "kwa nini", au ina "umuhimu wa"?

Nawasilisha. Maswali yaje.

Siti ya Mbele

Nimeshaweka kambi. Endelea mkuu.

Mbishi Rasmi

Naomba kupinga kidogo. Hizo makala za "umuhimu wa" mbona zinachapishwa kila siku?

Kalamu Kavu

Zinachapishwa, mkuu. Angalia nani ameandika. Ni maofisa uhusiano wa mashirika, na wanazitoa bure. Wewe unayetaka kulipwa huwezi kushindana na bure.

Chipukizi

Habari zenu wakuu. Mimi mgeni kwenye hili. Nina pendekezo ambalo nimeshalituma sehemu tatu, kimya. Linaitwa "Athari za plastiki kwa viumbe wa baharini". Nimesoma sana juu yake, nina takwimu nyingi. Tatizo langu ni nini hasa? Mistari ya mwanzo?

Kalamu Kavu

Dada Chipukizi, mistari ya mwanzo haina kosa. Nikuulize tu: hizo takwimu umezitoa wapi?

Chipukizi

Mtandaoni. Ripoti mbalimbali.

Kalamu Kavu

Basi mhariri naye anao mtandao huo huo. Wewe unajua nini kuhusu plastiki ambacho mimi sikijui? Usinijibu haraka. Nenda kalale nalo.

Mtafiti wa Udongo

Naingia kama mtu wa upande wa pili, yaani yule mnayempigia simu saa kumi na moja jioni mkitaka "maneno mawili matatu". Mleta mada ameongelea hadithi, sawa. Naomba tuongelee namba, maana hapo ndipo mnapotutoa machozi.

La kwanza. Mtu anasoma utafiti ulioandikwa kwa tani za kaboni, anasoma ripoti nyingine iliyoandikwa kwa tani za kaboni dioksidi, anazilinganisha kama mapacha. Tani moja ya kaboni ikishaungana na oksijeni inakuwa takriban tani 3.67 za kaboni dioksidi. Ukichanganya, umekosea karibu mara nne, na kosa hilo halina kovu: sentensi inasomeka vizuri kabisa.

La pili ni methani. Mmoja anaandika ina nguvu ya kuipasha dunia joto mara 28 ya kaboni dioksidi, mwingine mara 80, wasomaji wanaanza kutukanana kwenye maoni. Wote wawili wako sahihi. Kwa kipimo cha miaka 100 ni kama mara 28, kwa kipimo cha miaka 20 ni zaidi ya mara 80, kwa sababu methani hukaa hewani miaka kama kumi na miwili tu, kisha huvunjika. Kosa ni kutaja namba ukaficha kipindi.

La tatu linachekesha. Mwandishi mmoja alinitumia rasimu iliyosema dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 za Selsiasi, hilo ni ongezeko la nyuzi 34.7 za Farenhaiti. Alichukua programu ya kubadilisha vipimo, akaingiza 1.5, akanakili jibu. Programu haikukosea, nyuzi 1.5 kwenye kipimajoto ni kweli 34.7. Lakini ongezeko la 1.5 ni ongezeko la 2.7. Kama ingetoka vile, msomaji angedhani tunachemshwa wiki ijayo.

Halafu kuna ule msemo kwamba msitu wa Amazon unatupatia asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Naomba uzikwe. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitengeneza: miti yenyewe inapumua, na vijidudu vinavyoozesha majani na magogo vinapumua. Oksijeni tuliyonayo ililimbikizwa kwa mamilioni ya miaka. Sababu za kuulinda Amazon ni nyingi na ni nzito, mvua peke yake inatosha, hakuna haja ya kuongeza ya uongo.

Nimemaliza kulalamika. Kwa leo.

Mbishi Rasmi

Daktari, mbona nyie wenyewe mnaandika kwa lugha ambayo hata mke wako nyumbani haielewi? Halafu lawama kwa waandishi.

Mtafiti wa Udongo

Mke wangu ndiye mtafiti mwandamizi, mimi ndiye nisiyemwelewa. Lakini hoja nimeipokea. Dawa ni hii: nipe niisome makala kabla haijatoka, nirekebishe.

Kalamu Kavu

Hapo ndipo tutakapogombana, daktari. Makala nzima sikupi. Si kwamba sikuamini. Nilishawahi kumpa mtafiti mmoja makala nzima, ikarudi imefutwa maneno yake yote makali aliyoyasema mwenyewe, na mpinzani wake amepunguzwa hadi nusu sentensi. Majarida mengi yanakataza kabisa kumpa chanzo makala. Ninachofanya ni kukupigia simu na kukusomea ile aya yenye namba zako na maelezo ya kitaalamu. Ukisema "hapana, ni kaboni, si kaboni dioksidi", nabadilisha hapo hapo nikiwa nakusikia. Ukisema "hapo nilikuwa na hasira, ondoa", tunajadili.

Mtafiti wa Udongo

Naweza kuishi na hilo. Mradi simu isije saa kumi na moja.

Mzee wa Koma

Nimesoma kimya, sasa nami nitie neno. Nilikaa kwenye kiti cha mhariri miaka mingi, sasa nimestaafu na ninachohariri ni bustani.

Watu wanadhani mhariri anasoma pendekezo. Mhariri anasoma mada ya barua pepe na mistari minne. Kama kwenye mistari minne sijajua nini kinatokea, wapi, na kwa nini niichape sasa na si mwaka juzi, nahamia kwa mwingine, na wengine wako sitini. Maneno 250 yanatosha. Usiniambatishie makala iliyokwisha andikwa ya maneno 4,000, huo ni mzigo. Wala usinieleze kwamba unapenda mazingira tangu utotoni. Wote wanayapenda tangu utotoni.

Muda. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni kila mwaka, haijawahi kumshtukiza mtu. Lakini kuanzia katikati ya Mei ndipo mafuriko ya mapendekezo yanaanza. Jarida la kuchapwa hupangwa miezi mitatu hadi sita mbele. Toleo la Juni nililifunga wakati nyinyi mnaanza kufikiria. Niandikieni Januari. Mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa nayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka, na ikifika, hakuna mhariri anayetaka makala ya "mkutano ni nini". Anataka mtu aliyefuata ahadi moja ya mkutano uliopita akaona imeishia wapi.

Na nimpinge kidogo mleta mada kwa jambo ambalo hajalisema ila najua atalisema. Siku hizi kila makala ya mazingira inaanza na mzee mmoja, amesimama, anatazama upeo wa macho, anakumbuka samaki walivyokuwa wengi. Nimewahariri wazee hao hadi nikawajua kwa majina. Mtu awemo kwenye makala kwa sababu anafanya kitu, si kwa sababu ana mikunjo usoni.

Kalamu Kavu

Shikamoo mzee. Umenimaliza, kesho nilikuwa na mzee wa namna hiyo kwenye aya ya kwanza.

Mzee wa Koma

Marahaba. Mkalishe chini, mpe kazi ya kufanya.

Hesabu za Jioni

Naona mnaongea sanaa. Tuongee riziki. Nilijaribu mwaka mzima. Makala moja ilinichukua wiki tatu: safari, mahojiano, kusoma tafiti, kuhakiki. Nikigawa malipo kwa saa, bora ningefua nguo za watu. Na lile jarida mpaka leo, miezi kumi na moja, halijanilipa makala ya mwisho. Silitaji. Kila nikiandika naambiwa "ankara yako iko kwa mhasibu". Huyo mhasibu nadhani ni jini.

Kalamu Kavu

Pole sana mkuu. Hili halina maneno matamu, lakini kuna vitu viwili vitatu ningetamani ningeambiwa mapema.

Kuna jarida linalolipa likishaikubali makala, na kuna linalolipa likishaichapa. Kwa maneno zinafanana, kwa mfuko wako ni usiku na mchana. La pili likiisogeza makala kutoka toleo hili kwenda lile, nawe njaa yako inasogezwa. Uliza kabla hujaanza kazi, kwa barua pepe, ujibiwe kwa barua pepe.

Uliza pia fidia ya makala kufutwa. Umeagizwa, umeandika, wao wamebadili mawazo au mhariri ameondoka: unapata kiasi gani? Wengine hutoa robo, wengine nusu, wengine wanakuangalia tu. Lakini wasiojibu kabisa swali hilo nimejifunza kuwaogopa.

Haki. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa hakimiliki, nchi nyingi sana zimo, kazi ni yako tangu unapoiandika, huhitaji kusajili. Unaipoteza kwa kusaini. Ukiona mkataba unasema "haki zote, kwa muda wote, kwa njia zote", maana yake huwezi kuitafsiri, kuiuza kwingine wala kuiweka kwenye kitabu chako. Mimi huomba ibadilishwe iwe haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, halafu baada ya muda fulani makala inarudi kwangu. Utashangaa ni mara ngapi wanakubali kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Na hizo wiki tatu zako, mkuu, zilizaa makala ngapi?

Hesabu za Jioni

Moja.

Kalamu Kavu

Hapo ndipo hesabu ilipovuja. Safari moja ya mikoko iliwahi kunipa tatu. Jarida la mazingira lilichukua habari ya miche inayokufa. Jarida la uvuvi likachukua habari ya kaa wa mikokoni. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiweka rekodi ya maji kwenye daftari la mwanawe la shule, penseli tupu, kurasa na kurasa, na huyo akawa makala ya tatu peke yake. Sikurudia hata aya moja. Daftari langu la maelezo lilikuwa lile lile.

Kwa safari kubwa, usitegemee malipo ya jarida. Kuna ruzuku za waandishi: Earth Journalism Network, mtandao wa waandishi wa mazingira ulioanzishwa na shirika la Internews mwaka 2004, hutangaza mara kwa mara, na shirika la Pulitzer Center lina za misitu ya mvua na mengineyo. Wanataka pendekezo lenye bajeti, na mara nyingi wanataka kuona kwamba kuna jarida lililo tayari kuchapa.

Hesabu za Jioni

Sawa. Bado namdai jini.

Nukta Nyekundu

Mimi nachora ramani na kuuzia majarida makala za picha za setilaiti. Mtafiti ameongea namba, mimi nikiri dhambi yangu ili msiirudie.

Kuna tovuti ya Global Forest Watch, iko hewani tangu 2014, bure, unakuza ramani unaona rangi ya waridi palipopotea miti. Niliona doa kubwa la waridi, limekatwa kingo zilizonyooka kabisa. Moyo ukapiga. Nikaandika "msitu wa asili wafyekwa", nikamtumia mhariri usiku ule ule. Asubuhi roho haikutulia, nikampigia mtu anayeishi karibu na pale. Akacheka mpaka akakohoa. "Hayo ni mashamba ya mikaratusi, tunayavuna kila baada ya miaka kadhaa, na sasa hivi tunapanda tena." Nikamwandikia mhariri huku jasho linanitoka.

Ramani haikudanganya. Inaonyesha kupotea kwa uoto wa miti kwenye kila kipande cha mita 30 kwa 30, basi. Haisemi ni msitu wa asili au shamba la kupandwa, haisemi ni shoka, moto au dhoruba. Maneno "ukataji wa misitu" niliyaongeza mimi.

Ramani za moto za NASA, zile za FIRMS, ni vivyo hivyo. Kila nukta ni piseli, yaani kipande kimoja cha picha, ambayo setilaiti imeiona ina joto kuliko jirani zake, na kwa kihisi cha setilaiti kiitwacho VIIRS piseli hiyo ina upana wa mita 375. Ndani yake panaweza kuwa na moto mmoja, au mitatu, au mwali wa gesi kwenye kisima cha mafuta. Ukiandika "mioto 400 yawaka" wakati una nukta 400, umeandika usichokiona.

Nikishaona kitu kwenye ramani hizo huwa nashuka kwenye picha zenyewe. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zina picha ambazo kila piseli ni mita 10, na kumbukumbu zake zinaanzia 2015. Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna setilaiti za Marekani za Landsat, tangu 1972, na tangu 2008 ni bure. Kisha natafuta namba ya simu ya mtu wa pale. Bila hiyo simu, mimi siuzi.

Siti ya Mbele

Kingo zilizonyooka. Msitu gani una kingo zilizonyooka jamani 😂

Nukta Nyekundu

Ndiyo maana nimesema dhambi. Niliziona, nikajifanya sijaziona.

Mguu wa Njia

Nami nina yangu. Kampuni moja, jina nalihifadhi, ilitualika waandishi sita kuangalia kiwanda chao "rafiki wa mazingira". Nauli juu yao, malazi juu yao. Walitupeleka kwenye bwawa, maji safi, samaki wananona, picha zikapigwa. Nikauliza: bomba la maji machafu linatokea wapi? Ofisa akatabasamu, akatazama saa. Nakwambieni, sijamaliza swali, nikasikia basi limeshawashwa.

Nikaandika hayo hayo, bwawa na basi. Mhariri akaipenda. Siku moja kabla ya kwenda mitamboni akaniuliza nani alilipia safari. Nikasema ukweli, makala ikafutwa. Si kwa sababu ni uongo. Kwa sababu sikumwambia mapema. Nilidhani kwa kuwa nimewaponda nimejisafisha. Kumbe msomaji ana haki ya kujua hata hivyo.

Mzee wa Koma

Ningeifuta na mimi. Ungeniambia mwanzoni, ningeweka mstari mmoja chini ya makala na ingetoka. Tena ingekuwa na nguvu zaidi, maana basi walililipia wao.

Chipukizi

Wakuu nimerudi. Nililala nalo kama nilivyoambiwa, siku nne.

Sijui kama hiki kina maana. Miaka mitatu kabla ya sasa nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha kurejeleza chupa, kwenye mkanda wa kuchambulia. Kazi yangu ilikuwa kuokota kilichoikosea mashine. Mashine inamulika kila kitu kwa mwanga usioonekana kwa macho, inasoma ni plastiki ya aina gani, halafu inapuliza kwa upepo, puuu, chupa inarukia upande wake. Sasa kuna chupa fulani, safi kabisa, zilikuwa zinarushwa upande wa taka kila siku. Nikamuuliza fundi. Akaniambia hizo zimevaa gauni. Yaani lebo imeivika chupa kuanzia shingoni hadi kitako, na mashine inasoma gauni, haisomi mwili. Gauni likiwa la plastiki nyingine, chupa nzima inahesabiwa hiyo nyingine.

Tulikuwa tunazichana kwa mkono, kwa kisu kidogo chenye ndoano. Kucha zangu zilikuwa hazioti.

Na kama lebo ni ya PVC, plastiki ya aina nyingine, ni balaa zaidi. Kwenye tangi la maji vifuniko vinaelea, vipande vya chupa vinazama, vinatengana vizuri. Lakini PVC nayo inazama pamoja na chupa. Ikiingia kwenye kuyeyushwa, hata kidogo sana, inaungua kabla chupa hazijayeyuka, inatoa tindikali, na plastiki yote inakuwa ya kahawia kama chai. Chupa zenyewe zimeandikwa kwa nje alama ya kurejelezwa.

Hii ni mada au ni makala?

Kalamu Kavu

Dada. Ulikuwa umekaa juu ya hili muda wote huo ukatuma "athari za plastiki kwa viumbe wa baharini"??

Siti ya Mbele

Zimevaa gauni 👏👏

Mtafiti wa Udongo

Kemia yake iko sawasawa. Ningeongeza plastiki nyeusi: ile iliyotiwa rangi kwa masizi ya kaboni hunyonya mwanga huo wote, hakuna kinachorudi, mashine haioni kitu kabisa. Lakini usiiingize. Gauni linatosha.

Chipukizi

Asanteni. Nimeandika hivi, msinihurumie:

*Mpendwa Mhariri, mimi ni mwandishi chipukizi ninayependa mazingira. Ningependa kuandika makala kuhusu changamoto za urejelezaji wa chupa za plastiki, ikiwemo suala la lebo, na umuhimu wa wadau wote kushirikiana kutafuta suluhisho. Nina uzoefu wa kiwandani. Natumaini utanipa nafasi.*

Mzee wa Koma

Binti, umechukua gauni ukalivisha "wadau". Sentensi ya kwanza futa. "Changamoto" futa. "Umuhimu" ndiyo ugonjwa uliotuleta kwenye uzi huu. "Nina uzoefu wa kiwandani" ndiyo dhahabu na umeizika mwisho kabisa. Anza na mkanda.

Kalamu Kavu

Nimekaa nayo nusu saa. Jaribu hii, maneno ni yako mwenyewe, mimi nimepanga tu:

*Chupa safi inayotupwa kwa sababu ya gauni lake*

*Kwenye mkanda wa kuchambulia plastiki, mashine haioni chupa iliyovikwa lebo kutoka shingoni hadi kitako. Inaona lebo. Lebo ikiwa ya plastiki nyingine, chupa safi yenye alama ya kurejelezwa inapulizwa upande wa taka. Miaka mitatu iliyopita niliokota chupa hizo na kuzichana kwa mkono.*

*Nataka kufuata chupa moja ya namna hiyo, kuanzia meza ya mbunifu anayeichagulia lebo hadi kwenye mashine inayoikataa, na kuuliza nani anaamua ivae nini na nani analipia kuivua. Fundi wa mashine amekubali kuzungumza. Mbunifu wa vifungashio bado namtafuta. Maneno 1,500, wiki nne tangu utakaponijibu.*

Chipukizi

Nimesisimka mkono. Lakini fundi hajakubali bado, sijamuuliza.

Kalamu Kavu

Basi muulize kabla hujatuma. Akikataa, sentensi inabadilika. Usimuuzie mhariri mtu ambaye huna.

Mguu wa Njia

Na mwambie kiwanda kilikuwa kinakulipa mshahara. Mstari mmoja tu. Mimi nimeshakuonyesha bei ya kunyamaza.

Mbishi Rasmi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wenye lebo wakijitetea? Lebo ile inaficha mwanga, inalinda kinywaji, inabeba maelezo ya viambato. Si kila kitu ni uovu.

Kalamu Kavu

Mkuu, kwa mara ya kwanza umenifurahisha. Ndiyo hao hasa awatafute. Akipata mbunifu mwenye sababu nzuri, makala inakuwa mara mbili. Kuna lebo zenye mistari ya vitobo ili mnunuzi aichane mwenyewe: je, wanachana? Amuulize na huyo.

Chipukizi

Fundi amekubali. Amesema nisimtaje jina, nimtaje kazi. Nimeongeza mstari wa mshahara. NIMETUMA. Jarida moja tu, nimeacha kurusha sehemu tatu kwa pamoja.

Hesabu za Jioni

Uliuliza wanalipa ikikubaliwa au ikichapwa?

Chipukizi

Bado, nasubiri kwanza wajibu 😅

Hesabu za Jioni

Wakijibu tu, uliza. Sitaki ukutane na jini wangu.

Chipukizi

Siku ya tisa. Amejibu!! Anasema maneno 1,200, si 1,500. Anataka kujua kama naweza kuingia kiwandani na kupiga picha ya chupa ikiwa kwenye mkanda, karibu, lebo ionekane. Nimemuuliza habari ya malipo, ni ikikubaliwa. Wakuu, sina kamera. Simu inatosha?

Nukta Nyekundu

Inatosha. Omba mkanda usimamishwe sekunde kumi, la sivyo utapata ukungu mtupu.

Kalamu Kavu

Na ufute lenzi kwanza. Vumbi la pale unalijua mwenyewe.